Sura ya Nne: Miaka Saba Isiyo na Marejeo

Mwezi Aprili 1789, kundi la wanawake waliokuwa wakingoja kunyongwa lilitolewa katika gereza la Newgate, London, likasimamishwa mbele ya hakimu wa Old Bailey kusikiliza habari njema. Mfalme George wa Tatu, ambaye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye maradhi ya akili, alikuwa amewahurumia. Kamba haitawagusa. Watapelekwa New South Wales, wengi wao kwa maisha yao yote. Kilichongojwa ni magoti kupigwa na machozi ya shukrani. Baadhi ya wanawake wale walikataa. Walisema wazi kwamba heri kitanzi kuliko kupelekwa huko.

Hakimu alighadhibika. Kuukataa msamaha wa mfalme ulikuwa ufidhuli usiosikika. Akaamuru warudishwe mahabusu wakae peke yao mpaka akili ziwarudie, na kweli mmoja baada ya mwingine wakalegea. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wanawake wajinga wasiojua lililo jema kwao. Mimi naamini walikuwa wamepiga hesabu. Habari za kwanza kutoka New South Wales zilikuwa zimefika Uingereza wiki chache tu kabla ya siku ile, na hazikuwa habari za neema. Lakini kubwa zaidi lilikuwa umbali. Kifo walikijua: una mama na dada watakaokuja kukuzika. Huko waendako hakuna mtu wao atakayefika.

Uingereza ilikuwa na mazoea ya kutupa jongoo na mti wake. Tangu sheria ya mwaka 1718, wezi wake walipakiwa melini kwenda Marekani, ambako wenye mashamba ya tumbaku wa Virginia na Maryland waliwanunua wawatumikie kwa miaka ya hukumu yao. Walikwenda kwa njia hiyo watu wapatao 50,000. Vita vya uhuru wa Marekani vilipozuka mwaka 1775 mlango huo ukafungwa. Magereza yakafurika, na serikali ikaanza kuwarundika wafungwa ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga katika mto Thames. Mwaka 1786 ikaamuliwa kwamba pwani aliyoipitia Kapteni James Cook mwaka 1770 ndiyo iwe jaa jipya. Kwamba pwani hiyo ilikuwa na wenyewe, walioishi hapo kwa makumi ya maelfu ya miaka, hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Msafara wa kwanza, meli 11 chini ya Arthur Phillip, uling'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, ukapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, ukafika Sydney Cove tarehe 26 Januari 1788. Wafungwa wanawake walikuwa wapatao 190. Wanaume walishushwa kwanza kukata miti na kusimamisha mahema, na wanawake wakabaki majini mpaka tarehe 6 Februari. Kutoka siku hiyo hadi meli ya mwisho ya wanawake mwaka 1853, wanawake wapatao 25,000 walivushwa bahari kwa amri ya mahakama. Nusu yao hivi walipelekwa New South Wales, na nusu nyingine kisiwa cha Van Diemen, ambacho leo ni Tasmania. Wanaume walikuwa zaidi ya mara tano ya idadi hiyo.

Walikuwa wameiba nini? Aghalabu nguo. Msomaji anayenunua gauni la mtumba kwa bei ya chai na chapati huenda akashangaa, lakini katika Uingereza ya wakati ule kitambaa kilikuwa mali. Shuka la kitani liliwekwa rehani kama vile leo mtu anavyoweka rehani simu. Gauni la hariri lilirithiwa kwa wasia. Na mtumishi wa ndani, anayefua na kupiga pasi nguo za bibi yake mchana kutwa, ndiye aliyekuwa karibu na mali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kitu chochote chenye thamani ya zaidi ya shilingi 1 kilikuwa wizi mkubwa, na wizi mkubwa ulikuwa miaka 7 ng'ambo. Elizabeth Hayward, aliyekuwa akijifunza kazi kwa mtengeneza viatu vya mbao, alichukua gauni la kitani na kofia ya hariri. Alipandishwa meli ya Lady Penrhyn katika msafara ule wa kwanza akiwa na umri wa miaka 13.

Lakini wizi wa shuka hautoshi kueleza kwa nini walipelekwa. Koloni la wanaume watupu lilikuwa limewatisha wakubwa wa London tangu siku ya kwanza. Katika mpango wa mwaka 1786 kulikuwa na pendekezo kwamba meli ipitie visiwa vya Pasifiki ichukue wanawake wa huko wawe wake wa wafungwa. Phillip alilikataa wazo hilo, akisema wangeletwa kuja kuteseka tu. Basi ikabidi wake watafutwe magerezani. Mwanamke aliyesimama kizimbani kwa ajili ya gauni alikuwa akiadhibiwa kama mwizi na kuposwa kwa wakati mmoja, bila mshenga wala mahari, wala yeye mwenyewe kuulizwa.

Na hapa ndipo hukumu ya miaka 7 ilipobadilika sura. Mwanamume akimaliza miaka yake aliweza kwenda bandarini, akajiandikisha kama baharia, akafanya kazi mpaka London. Meli ilihitaji mikono ya kupandisha matanga. Mwanamke hakuhitajiwa, labda awe na fedha za nauli, au apate nahodha wa kumchukua kwa malipo ambayo sina haja ya kuyataja. Serikali ililipa nauli ya kwenda, ya kurudi haikuwamo katika bajeti. Kwa hiyo hakimu aliposema miaka 7 kwa mwanamume alimaanisha miaka 7, na aliposema hivyo kwa mwanamke, kwa wengi wao alikuwa amesema maisha.

Wale waliokubali msamaha wa mfalme kwa shingo upande walikuwa wakiandaliwa meli iitwayo Lady Juliana, iliyoondoka Plymouth mwezi Julai 1789 na wanawake zaidi ya 220. Tunaijua safari hiyo kwa sababu baharia mmoja Mskoti, John Nicol, aliisimulia uzeeni, na kitabu chake kikachapishwa Edinburgh mwaka 1822. Nicol ndiye aliyekuwa akigonga ribiti za pingu juu ya fuawe na kuwafungua wanawake walipoingia melini. Alipofika kwa Sarah Whitelam, binti wa Lincolnshire, moyo wake ukashikwa. Kwa maelezo yake, Sarah alikuwa amehukumiwa kwa sababu ya joho aliloliazima kwa rafiki. Karatasi za mahakama zina orodha ndefu zaidi ya joho moja, lakini tumsamehe Nicol, maana mapenzi hayasomi mashtaka. Sarah alimzalia mtoto wa kiume kabla safari haijaisha.

Nicol anasema kila baharia alijichagulia mke miongoni mwa wafungwa, na kwamba wenyewe hawakukataa. Sentensi hiyo imenukuliwa na vizazi vya wanahistoria, na kwayo Lady Juliana ikapata sifa ya danguro linaloelea. Msomaji na ajiulize: mwanamke aliyefungiwa ngamani, ambaye chumba cha baharia ni hewa safi, ni blanketi la pili na ni ulinzi dhidi ya wanaume wengine 30, kukataa kwake kungekuwaje? Wapo walioridhia, na pengine Sarah alikuwa mmojawao. Lakini aliyetupa ushahidi ni mwanamume aliyeshika nyundo.

Lady Juliana ilitumia miezi 10 hivi kufika, kwa sababu ilipumzika kila bandari. Ni wanawake wachache tu waliofia njiani. Ilipotokea Sydney tarehe 3 Juni 1790, koloni lilikuwa linakufa njaa, macho yakingoja meli ya unga. Likaletewa wanawake. Maofisa waliandika kwa uchungu juu ya shehena hiyo isiyo na faida. Wiki chache baadaye ziliingia meli nyingine tatu, Neptune, Surprize na Scarborough, na hapo ndipo watu walipoona shehena ya kweli ya uchungu. Wenye zabuni, kampuni ya Camden, Calvert na King, walikuwa wafanyabiashara wa utumwa, na walilipwa pauni 17 na ziada kwa kila mfungwa aliyepandishwa, awe amefika hai au maiti. Robo ya wafungwa walikufa baharini. Sisi tuliolelewa na hadithi za majahazi ya watumwa hatuhitaji kuelezwa hesabu ya namna hiyo inavyofanya kazi. Mtumwa angalau alikuwa na bei sokoni mwishoni mwa safari. Mfungwa alikwisha kulipiwa.

Meli ilipoondoka Sydney, Nicol aliondoka nayo. Aliahidi kurudi. Alizunguka bahari kwa miaka akitafuta meli ya kumrudisha kwa Sarah, hadi akaambiwa kwamba Sarah ameondoka koloni na kwenda Bombay. Hawakuonana tena.

Baada ya mwaka 1815 kila meli ya wafungwa ilitakiwa kuwa na daktari wa jeshi la majini mwenye mamlaka juu ya wafungwa, na vifo vikapungua sana. Safari ikafupika, na kufikia miaka ya 1830 ilichukua miezi minne hivi. Elizabeth Fry, mwanamke wa madhehebu ya Quaker aliyeingia Newgate akawakuta wanawake na watoto wao wamelala juu ya majani makavu, aliunda kamati ya mabibi waliozuru meli kabla hazijaondoka. Kila mfungwa alipewa mfuko wenye Biblia, sindano, uzi, kastabini na vipande vya vitambaa, ashone njiani. Nitarudi kwenye vitambaa hivyo.

Heshima kwa amri nayo iliweza kuua. Agosti 1833 meli ya Amphitrite, yenye wanawake zaidi ya 100 na watoto wao, ilikwama mchangani karibu na Boulogne, pwani ya Ufaransa, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Nahodha hakukubali kuwashusha wafungwa kwenye mashua. Hukumu ilisema New South Wales, si Ufaransa. Usiku maji yakajaa, meli ikavunjika. Walionusurika ni mabaharia 3.

Waliofika salama walipokewa na desturi ambayo ingefaa kuitwa mnada, ila hapakuwa na bei. Maofisa walichagua kwanza, kisha wenye mashamba, kisha wengine. Aliyechaguliwa alikwenda kuwa mpishi, dobi, yaya, na mara nyingi zaidi ya hayo. Asiyechaguliwa, aliyerudishwa na bwana wake au aliyepata mimba alipelekwa mahali palipoitwa Kiwanda cha Wanawake.

Kile cha Parramatta, kilichochorwa na Francis Greenway, msanifu majengo ambaye naye aliletwa kama mfungwa, kilifunguliwa mwaka 1821. Kilikuwa gereza, karakana ya kusokota sufu, wodi ya wazazi na ofisi ya ndoa chini ya paa moja. Mkulima mwenye cheti kutoka kwa kasisi wake alifika, wanawake wakapangwa mstari, akatazama, akachagua, na mwanamke akiridhia wakafungishwa ndoa. Kuna wasomaji watakaoudhika nikisema kwamba kwa baadhi yao hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kwanza maishani ya kuwa na nyumba yao. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1827 posho ya mkate na sukari ilipopunguzwa, wanawake wa Parramatta walivunja lango, wakaingia mjini wakachukua mikate. Wanajeshi wakaitwa kuwakimbiza wanawake wenye njaa waliokuwa wamebeba mikate katika aproni zao.

Kiwanda cha Cascades, nje ya Hobart, kilifunguliwa mwaka 1828 katika jengo lililokuwa la kutengenezea pombe kali, kwenye bonde lisilopata jua chini ya mlima Wellington. Wafungwa waliwekwa katika madaraja matatu. Wa daraja la chini walivaa nguo yenye herufi C kubwa ya manjano na kufua nguo za mji kwenye mabirika ya mawe. Adhabu iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kunyolewa nywele. Wengine walipambana na wanyozi kwa kucha na meno.

Lakini habari kuu ya Cascades ni watoto. Mtumishi aliyepata mimba nyumbani kwa bwana wake alirudishwa kiwandani kama aliyetenda kosa. Alijifungua, akanyonyesha kwa miezi kadhaa, mtoto akaachishwa ziwa, na hapo mama akaanza kutumikia miezi 6 katika daraja la wahalifu kwa kosa la kuzaa. Baba, ambaye mara nyingi kila mtu katika nyumba ile alimjua, hakuandikwa popote. Mtoto aliyeishi alichukuliwa na kupelekwa shule ya yatima, ingawa mama yake alikuwa hai umbali wa mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Mamia ya watoto hawakufika hata huko. Walikufa kwa kuhara na vifua katika vyumba vile vya unyevu, mpaka watu wa Hobart wenyewe, ambao hawakuwa na huruma ya kupita kiasi, wakaanza kulalamika.

Nimesema wanawake wengi hawakurudi. Yuko mmoja aliyerudi, na njia aliyoipitia inaeleza kwa nini wengine hawakujaribu.

Mary Broad alizaliwa Fowey, Cornwall, katika familia ya watu wa bahari. Mwaka 1786 mahakama ya Exeter ilimhukumu kifo kwa kumnyang'anya mwanamke mwenzake kofia ya hariri na vitu vingine barabarani, kisha hukumu ikageuzwa kuwa miaka 7. Alijifungua binti ndani ya meli ya Charlotte na kumpa jina la meli hiyo. Walipofika Sydney aliolewa na mfungwa mwenzake, William Bryant, mvuvi, aliyekabidhiwa mashua za koloni. William alikamatwa akiuza samaki kwa magendo, akachapwa viboko. Naye alikuwa akikaribia kumaliza miaka yake, na watu walimsikia akisema kwamba ndoa ya huku haimfungi akirudi kwao. Serikali ikatoa amri kwamba asiondoke mwanamume mwenye mke na watoto wasioweza kujikimu. Kwa maneno mengine, wakubwa walijua fika kwamba mume ataondoka na mke atabaki.

Mary hakukubali kubaki. Usiku wa tarehe 28 Machi 1791, yeye, William, Charlotte mwenye miaka mitatu, Emanuel aliyekuwa bado ananyonya, na wafungwa wengine saba waliiba mashua ya gavana. Walikuwa na dira na ramani walizonunua kwa nahodha Mholanzi. Wakafuata pwani ya mashariki ya Australia kuelekea kaskazini, wakikumba maji mashuani kwa kofia, wakila kasa, wakafika Kupang katika kisiwa cha Timor tarehe 5 Juni, baada ya zaidi ya kilomita 5,000. Hakuna hata mmoja aliyefia njiani.

Waholanzi waliotawala huko waliwapokea kama manusura wa meli iliyozama. Uongo huo ulidumu miezi michache. Siri ikavuja, wakakabidhiwa kwa Kapteni Edward Edwards wa jeshi la majini la Uingereza, naye akawatia pingu. Emanuel alikufa Batavia mwezi Desemba. William alimfuata wiki tatu baadaye. Charlotte alikufa Mei 1792 ndani ya meli ya Gorgon, akazikwa baharini kabla ya kuifikia nchi ambayo mama yake alikuwa akimpeleka.

Mary alifika London bila mume wala watoto, akatiwa Newgate. Mwandishi James Boswell alisikia habari zake, akamtetea mpaka akasamehewa Mei 1793, kisha akampa posho ya pauni 10 kwa mwaka arudi Cornwall. Katika karatasi za Boswell yamekutwa majani makavu ya chai ya mwituni ya New South Wales, ambayo Mary alikuwa ameyabeba safari yote ile. Watoto wawili walikufa, majani yakafika.

Wengine walishinda kwa kubaki. Mary Haydock alikamatwa akiwa na miaka 13 na farasi wa wizi, amevaa nguo za kiume. Aliletwa mwaka 1792, akaolewa na Thomas Reibey, akafiwa na mume mwaka 1811 akiwa na watoto saba, akaendesha meli, maghala na nyumba mpaka akawa miongoni mwa matajiri wa Sydney. Tangu mwaka 1994 sura yake imo katika noti ya dola 20 ya Australia. Waaustralia wanapenda kumtaja, nami siwalaumu. Ila Mary Reibey mmoja hawezi kuwasemea 25,000.

Ningependa wamtaje pia Constance. Si wafungwa wote walitoka Uingereza na Ireland. Mwaka 1834 wasichana wawili watumwa waliletwa Sydney kutoka Mauritius, kisiwa ambacho watumwa wake wengi walitolewa Madagascar, Msumbiji na pwani yetu ya Kilwa. Walihukumiwa kwa kujaribu kumpa sumu bibi yao. Elizabeth alikuwa na miaka 12. Constance alikuwa na miaka 8. Utumwa ulifutwa Mauritius tarehe 1 Februari 1835, na kama wangebaki nyumbani wangefikiwa na siku hiyo.

Sasa vile vitambaa. Tarehe 5 Aprili 1841 meli ya Rajah iliondoka Woolwich na wanawake 180, ikiwa na mlezi wao, Kezia Hayter, aliyechaguliwa na kamati ya mabibi. Njiani Kezia alichumbiwa na nahodha, na chini ya uangalizi wa Kezia wafungwa walikuwa wakishona. Walipotia nanga Hobart tarehe 19 Julai, walikuwa wamemaliza mfarishi wa upana wa zaidi ya mita tatu, wenye vipande 2,815. Ukiutazama kwa karibu utaona mishono ya mafundi na mishono ya mikono isiyojua sindano, na madoa madogo pale vidole vilipochomwa. Ukingoni wametarizi shukrani kwa mabibi wa kamati. Majina yao wenyewe hawakuyaandika.

Mfarishi ule ulipelekwa Uingereza. Mwaka 1987 ulikutwa darini katika nyumba moja ya Edinburgh, na mwaka 1989 ukarudishwa Australia, ambako sasa umehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Canberra. Umevuka bahari ile mara tatu, na mara zote kuna mtu aliyelipa nauli.